Kadi imeisha, mimi sijaisha

Wacha niseme hii kitu mapema ndio tusisumbuane baadaye: kama una grini kadi ya miaka 10 na tarehe iliyoandikwa kwa kadi imepita, wewe bado ni mkaaji halali wa Marekani. Kilichoisha ni plastiki. Ukaaji wenyewe hauishi mpaka uuache mwenyewe ama jaji wa uhamiaji aamue umeisha. Hiyo naweza kukuambia hata nikiwa usingizini. Shida ni kwamba kujua haisaidii sana ukiwa umesimama mbele ya mtu wa kaunta mwenye hajui, na ako na foleni nyuma yako, na skrini yake imemwambia tarehe imepita. Mimi nimesimama mbele ya hao watu huko kazini kwangu, nikasimama tena hapa Nakuru, nikasimama JKIA, ule uwanja wa ndege wa Nairobi, na kuna vitu nimejifunza venye hakuna mtu aliniambia.

Mimi ni mtoto wa London, hiyo London yetu, mtaa wa Nakuru chini ya Menengai, sio ile ya mfalme. Nilishinda ile bahati nasibu ya viza nikaenda 2015, na tangu hapo nachunga wazee kwa makao yao huko kwa jimbo moja la baridi sana. Kadi yangu ilikuwa inaisha 2025. Sheria inakuruhusu kuomba mpya ikibaki miezi sita kadi iishe, fomu inaitwa I-90, kwa mtandao ni dola 415 na kwa karatasi ni 465, kwa hivyo nikaingia akaunti yangu mwisho wa 2024 nikajaza, nikalipa, nikaletewa barua. Hiyo barua inaitwa I-797 na ukiiangalia haraka utadhani ni risiti tu ya pesa. Lakini ukisoma chini kuna maneno yanasema kwamba barua hii ikiwa pamoja na kadi yako iliyoisha, kadi inahesabiwa kuwa hai kwa miezi 36 zaidi kuanzia ile tarehe iko kwa kadi. Miezi 36, miaka mitatu mizima. Kabla ya Septemba 2024 ilikuwa 24, na hiyo tofauti kumbuka juu itakuja kunisumbua.

Kwa wale wa hapa nyumbani, hiyo barua ni kama ile karatasi unapewa ukiomba kitambulisho, weitingi. Wote tunaijua weitingi. Serikali yenyewe imekupatia, ina nambari yako, kila kitu kiko, alafu unaenda mahali nayo mtu anaigeuza geuza anakuangalia ni kama umeichora wewe. Ndio hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ya huko haina hata picha yako.

Kaunta ya kwanza ilikuwa kazini. Ile wiki kadi yangu inaisha mama wa ofisi ya wafanyakazi akanitumia imeli, nilete kadi mpya ama sitawekwa kwa ratiba ya shifti. Nikampelekea kadi ya zamani na barua. Akasema barua sio kadi. Hapo ndio niligundua kitu kingine, kwamba sheria yao wenyewe haimruhusu hata kuniuliza. Ukiajiriwa unajaza fomu ya I-9, na kama ulionyesha grini kadi ile siku ya kwanza, mwajiri hatakiwi kukukagua tena eti juu kadi imeisha. Iko kwa kitabu cha maagizo ya waajiri, kinaitwa M-274, kiko kwa tovuti ya uhamiaji bure kabisa. Nikaprinti huo ukurasa nikapiga mstari wa kalamu ya manjano pale penye maneno, nikaupeleka bila kelele, nikamwambia dada, mimi najua uko na kazi nyingi, sijakuja kubishana, soma tu hapa. Akasoma, akapigia mtu simu, nikarudishwa kwa ratiba. Shifti zenye nilikosa hazikulipwa na hakuna mtu alisema pole, lakini hiyo ni stori ingine.

Kitu nilishika hapo ni kwamba yule mama hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa kufutwa. Karibu kila mtu wa kaunta mwenye anakataa karatasi yako anaogopa kitu, na ukijua anaogopa nini uko nusu ya njia. Ukimlilia haki zako haoni kitu, juu haki zako sio zenye zitamfukuzisha kazi.

Ya leseni ya gari nitapita haraka. Ofisi za leseni huko huwa zinaangalia hali yako kwa mfumo wa serikali unaitwa SAVE, mara ingine jibu linakuja hapo hapo, mara ingine linasema wanahitaji kuangalia zaidi na unarudi nyumbani kungoja. Kuna ukurasa wa kufuatilia mwenyewe, unaitwa CaseCheck, karani hatakuambia lakini uko. Mimi nilikuwa naangalia kila asubuhi kabla ya chai mpaka likatokea limejibiwa, nikarudi nikapata leseni. Hiyo leseni ilikuja kunisaidia mahali sikutarajia kabisa.

Sasa katikati ya hayo yote mama akaugua. Wale mko nje mnajua hiyo simu. Ndugu yangu mdogo akapiga usiku, akasema mama amelazwa hapa Nakuru, presha imepanda na mguu mmoja umekuwa mzito. Na 2025 haikuwa mwaka wa kusafiri hivi hivi, kila kikundi cha Wakenya huko watu walikuwa wanaambiana usitoke, ukitoka hurudi, hata wale wenye kadi nzima walikuwa wanaogopa, sembuse mimi na karatasi. Dada mmoja wa kanisa akaniambia afadhali ungoje kadi ije. Na kama mama angeenda nikingoja plastiki? Nikauliza wakili, nikalipa hiyo saa moja ya kuongea naye na sijuti hata senti, akaniambia maneno matatu manne ya maana. Kadi ya zamani na barua, zote mbili, orijino, sio fotokopi. Nisikae nje karibu na miezi sita, juu ukipita siku 180 ukirudi unaanza kuhesabiwa kama mtu anaomba kuingia upya na maswali yanakuwa mengi, na ukipita mwaka mzima bila kibali cha kurudi hiyo kadi hata ingekuwa mpya haikubebi. Nibebe vitu vinaonyesha maisha yangu yako huko, payslipu, mkataba wa nyumba, ushuru wa mwaka uliopita. Na kama kuna ofisa yeyote atanipatia fomu inaitwa I-407 nisiisaini, juu hiyo ni ya kusema umeacha ukaaji wako kwa hiari yako. Mkaaji ana haki ya kupelekwa mbele ya jaji. Hiyo ya mwisho nilimeza mate nikiisikia.

Nikakuja. Mama alikuwa ameanza kupata nafuu, akiongea polepole, na kitu ya kwanza kuniuliza ni kama nimekula. Nilikaa naye wiki nyingi, tukienda kliniki na kurudi, na huko ndio nikakutana na kaunta za nyumbani.

Ya kwanza haikuwa hata ya ofisi, ilikuwa ya jikoni kwetu. Shangazi yangu aliona ile kadi nikipanga mkoba, akaiinua, akasoma tarehe, akanyamaza. Jioni nikasikia kwa binamu kwamba nimefukuzwa Amerika na naficha. Nikamwita nikamkalisha chini, Shangazi, nikamwambia, kadi imeisha, mimi sijaisha. Akaniuliza, "Kwani walikunyima ingine?" Nikamwambia iko njiani, akasema na sura ya kunihurumia, "Haya mama, Mungu ni mwema," hiyo sauti ya kumfariji mtu anadanganya. Nikaacha. Kwa ukoo barua ya I-797 haina nguvu yoyote.

Kijana wa saiba hapo karibu na Kenyatta Avenue, penye nilienda kuprinti kurasa zangu, naye akasoma kila kitu kikitoka kwa mashine, akaniambia Madam, hii kitu mbona unahangaika, kuna mtu Nairobi anaharakisha kadi, unatuma tu nusu kwa Mpesa. Hakuna mtu Nairobi anaharakisha grini kadi jameni. Kadi inatengenezewa Marekani, inatumwa kwa anwani yako ya Marekani, na kuharakisha unaomba mwenyewe uhamiaji wakiwa na sababu ya kukubali. Nilimwambia hivyo tu, nikalipa karatasi zangu nikaenda. Lakini najua kuna watu wametuma hiyo nusu.

Ile iliyonifunza zaidi ilikuwa benki. Nilitaka kufungua akaunti ya wale wa ng'ambo, ndio niwe natuma pesa ya dawa za mama moja kwa moja bila kuzungusha kwa simu za watu. Wanataka pasipoti ya Kenya, kitambulisho, nambari ya ushuru ya KRA, na ushahidi unaishi nje. Nikatoa kadi na barua. Kijana wa pale mezani, mpole sana, amevaa tai nzuri, akaangalia kadi akasema, "Madam, hii imeekspaya." Nikamwambia soma na hii. Akasoma barua, akaigeuza nyuma, akauliza mbona haina picha. Nikamwambia picha iko kwa kadi, tarehe iko kwa barua, unazisoma pamoja. Akasema mfumo unataka dokumenti moja yenye picha na tarehe haijapita. Tukazunguka hapo, mimi namweleza sheria ya Marekani mtu wa Nakuru mwenye haimhusu hata kidogo, mpaka meneja akapita, mama wa makamo hivi, akasikiliza kidogo alafu akaniuliza swali moja. Una leseni ya huko? Nikatoa. Iko na picha, iko na anwani, haijaisha. Akamwambia kijana, "Piga kopi, endelea."

Nilitoka hapo nikicheka peke yangu barabarani. Yaani benki haikuwahi kuniuliza kama nina haki ya kuishi Marekani. Walikuwa wananiuliza naishi wapi. Mimi nilikuwa najibu swali lenye hakuna mtu ameuliza, na kwa ushahidi mgumu kuliko wote. Toka hiyo siku nikawa nikifika kaunta nauliza kwanza, samahani, mnataka kuthibitisha nini hasa? Mwajiri anataka kujua kama anaruhusiwa kukulipa. Ofisi ya leseni inataka mfumo useme ndio. Benki inataka anwani. Ndege inataka kujua kama ikikubeba itakurudisha kwa gharama yake. Na ofisa wa mpakani peke yake ndiye anauliza lile swali lenyewe, wewe ni mkaaji ama sio?

Watu wa ndege wacha niwaongelee vizuri, juu hapo ndio watu wengi hulilia. Shirika la ndege likimbeba mtu asiye na karatasi sawa kuingia Marekani linapigwa faini ya maelfu ya dola kwa huyo abiria mmoja. Ndio maana yule msichana wa kaunta anakuwa mkali kuliko ofisa wa uhamiaji. Hana uwezo wa kukuruhusu kuingia Marekani, ako na uwezo wa kukukataza kupanda tu, na akikosea upande wa kukuruhusu ni yeye atajieleza, akikosea upande wa kukukataza ni wewe utalala kwa benchi. Kwa hivyo ukiwa na kadi imeisha fika mapema sana. Mimi nilitoka Nakuru asubuhi na ndege ni ya usiku, watu wakaniona nimeshtuka, lakini hata barabara ya Gilgil na Naivasha huijui, lori moja likilala pale mko hapo mpaka jioni.

Jioni nikafika kaunta. Kijana akachukua pasipoti, akaomba viza ama grini kadi, nikampa kadi na barua zimeshikana kwa klipu, na nikamwambia kabla hajauliza, kadi imeisha lakini imeongezwa kwa hii barua, miezi 36. Akaandika andika kwa kompyuta yake, wana mfumo wa kuangalia masharti ya kila nchi unaitwa Timatic, alafu akatingisha kichwa. "Mimi najua ni 24." Nikamwambia ilikuwa 24, ikabadilishwa Septemba 2024. Akasema ameona nyingi za 24. Nikatoa ile karatasi niliprinti saiba, ukurasa wa uhamiaji wenyewe unaosema hivyo, na mstari wa manjano. Hakuitaka. Akaniambia kaa kando, ahudumie wengine.

Hapo kando ni mahali pabaya. Unaona watu wanapita na mizigo yao, mtoto anakuangalia, unaanza kuhesabu pesa za tiketi. Nilikuwa nimejiahidi sitapandisha sauti na sikupandisha, lakini nilimwambia kitu kimoja nilikuwa nimeambiwa na wakili: naomba supavaiza wako awapigie watu wa mipaka wa Marekani. Wako na nambari ya hiyo kazi, mashirika ya ndege hupiga kuuliza juu ya abiria kama mimi, na jibu linatoka huko sio kwa kichwa cha mtu. Supavaiza akaja, mwanaume mzee kidogo, akaniita "mama," akachukua barua na kadi akaingia nazo ndani. Hiyo ndio dakika sikupenda kabisa, kuona orijino zangu zikiingia mlango wenye mimi siwezi kuingia. Akarudi baadaye, akazirudisha na pasi ya kupandia, akasema, "Safari njema mama, ile ingine tuma wakati uko na kadi." Sikuelewa alimaanisha nini na sikuuliza.

Kule tulibadilisha ndege wakaniuliza tena kwa geti, lakini huyo dada alikuwa anaijua barua, aliangalia sekunde chache tu. Na nikifika Marekani, pale penye nilikuwa nimeogopa mwezi mzima, ofisa akaweka vidole vyangu kwa mashine, akaangalia skrini, akauliza nilikuwa nje muda gani na nilienda kufanya nini. Nikasema mama alikuwa mgonjwa. Akauliza anaendeleaje. Nikasema afadhali. Akanirudishia vitu, barua hata hakuifungua yote, juu yeye rekodi yangu iko mbele yake, yeye hahitaji karatasi kumwambia mimi ni nani. Ile folda yangu ya payslipu na ushuru nimeibeba bara mbili haikuulizwa hata ukurasa mmoja. Na ningeibeba tena.

Kwa wale kadi zao ni za miaka miwili, za ndoa, yenu ni tofauti na msinisome mkadhani ni sawa. Nyinyi mnajaza I-751 kwa zile siku 90 za mwisho kabla kadi iishe, na mkikosa kujaza hali yenyewe inaanza kuwa na shida, sio plastiki tu. Mkijaza mnapata barua ya miezi 48. Hiyo barua nayo watu wa kaunta huwa hawaijui, kwa hivyo hayo mengine ya klipu na mstari wa manjano yanawahusu pia. Na mkihama nyumba, wote, mna siku 10 za kuwaambia uhamiaji anwani mpya, la sivyo barua inaenda kwa nyumba ya mtu mwingine na hapo ndio stori inakuwa ndefu.

Hiyo ndio imempata binamu yangu wa Kisumu, yeye ako jimbo lingine huko. Yeye alijaza vizuri, akabadilisha anwani vizuri, na barua bado haikufika, posta ya jengo lao ni ya kila mtu achukue yake. Huwezi kusafiri na picha ya barua kwa simu. Kwake dawa ni muhuri wa I-551, watu wengi huuita muhuri wa ADIT. Unapigia kituo cha simu cha uhamiaji, unapitia ile mashine inayoongea mpaka upate binadamu, unaeleza kadi imeisha na huna barua, wanakupa siku ya kwenda ofisini kugongewa muhuri kwa pasipoti, au tangu Machi 2023 kuna wengine wanatumiwa kwa posta, fomu ya I-94, ile ya rekodi ya kuingia Marekani, ina picha yako na huo muhuri, na unaweza kuwa wa mpaka mwaka mmoja. Watu wa ndege wanaupenda huo muhuri kuliko barua, uko na picha na tarehe pamoja, kama yule kijana wa benki alivyotaka.

Na ukipoteza kila kitu ukiwa tayari uko huku Kenya, kuna fomu ya I-131A, unalipia dola 575 unapeleka ubalozi wao pale Gigiri, wakikubali wanakupa karatasi ya kupandia ndege peke yake. Ni pesa nyingi na ni siku za kungoja Nairobi, lakini ipo, usije ukaambiwa na mtu wa saiba hakuna njia.

Kadi yangu mpya bado haijafika ninapoandika haya, nikiangalia kwa akaunti inasema ombi lako linashughulikiwa, na barua ina maisha mpaka 2028 kwa hivyo silali macho. Binamu naye anataka kukuja Kisumu Desemba kwa harusi ya dada yake, ameshaanza kuangalia bei. Nimemwambia asikate tiketi mpaka huo muhuri uwe mkononi, ameniitikia ile ndio ya mtu ako na tiketi kwa simu tayari.